Siku Niliyokwenda Kuposa Nimevaa Blanketi la Wanaanga

Chekeni tu, nimeshazoea, maana hata kazini Changamwe, kwenye yadi ya makontena, wenzangu wakifungua chakula kilichofungwa kwa karatasi ya foili hunitazama kwanza mimi. Aibu niliyoipata siku ile sijaimaliza mpaka leo, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Nilikuwa nampenda Mbeyu (bado nampenda, ila siku hizi yeye hunipenda huku akicheka), na kwao Mishomoroni walikuwa wameshamkataa mchumba mmoja kwa sababu hakujua kukaa mbele za watu, kwa hiyo nilijua kabisa kwamba nikiteleza kidogo tu, nimemkosa. Mimi nilitaka kwenda na shati jepesi, mwezi wa pili, jua la Mombasa mnalijua, lakini baba mdogo Wekesa, aliyetoka Bungoma kuja kunisemea, akakataa katakata.

"Sisi hatuendi kuomba msichana tukikaa kama watu wa kununua sukuma," akasema. "Suti! Tena ya vipande vitatu!"

Na suti yenyewe ilikuwa yake, ya sufu, iliyoshonwa kwa ajili ya baridi ya kwetu Bungoma.

Basi nikajifanya mjanja. Pale yadini nilikuwa nimepewa pakiti ya blanketi la dharura, lile jembamba linalong'aa, na mwenzangu mmoja aliniambia kwamba lilibuniwa kutokana na safari za anga za juu, kwamba vyombo vya huko hufunikwa kwa kitu cha namna hiyo ili jua lisivikaange. Nikasema, kama linazuia jua la angani, hili la Mishomoroni ni nini? Asubuhi ya siku yenyewe nikajifungia chumbani kwangu Mikindani, nikalikata vipande, nikavibandika kwa selotepu ndani ya koti, ndani ya kizibao, na kwa kuwa vilibaki, ndani ya suruali pia (laiti ningeiacha suruali!). Pakiti nikaitia mfukoni, nije nimwonyeshe Mbeyu mchumba wake alivyo na akili.

Tulipofika nikainama kumwamkia babake, mzee Kahindi.

"Shikamoo, baba."

Chakarachakara!

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, huku akichungulia nyuma yangu kutafuta nani anakanyaga majani makavu.

Kwenye kochi ndiyo ikawa balaa kabisa. Shangazi yake Mbeyu akatuombea, watu wote wamefumba macho, kimya, na mimi kila nikivuta pumzi, chaka, nikiitoa, chaka, mpaka nikasikia sauti ya nyanya yake Mbeyu, ambaye wote humwita Hawe Sidi.

"Kwani yule yuatafuna nini, na maombi hayajesha?"

Baba mdogo akanifinya paja (chakara!). "Wacha kukula," akaninong'oneza, "unatuaibisha!"

Nikaamua sitatikisika tena. Wakanikaribisha maji ya ukwaju, sikunyoosha mkono. Wakaniletea mahamri, nikayatazama tu. Sasa mgeni anayekataa kinywaji ukweni wanamwonaje? Niliuona uso wa mzee Kahindi ukikunjamana, na moyo ukaniuma kwelikweli, lakini ningefanya nini, na humo ndani nilikuwa naiva, jasho limejaa mpaka kwenye viatu, macho yanaona watu wawiliwawili.

"Kijana, hebu simama," akasema mzee. "Utwambie kwa kinywa chako. Wamtaka Mbeyu?"

Nikasimama. Selotepu ilikuwa imeshalowa, ikaachia, na kipande kirefu kikaanza kuteremka kwenye mguu wa suruali, kikatokea juu ya kiatu, kinameremeta mbele ya watu wote. "Namt...", nikasema, nikaanguka.

Nilipozinduka nilikuwa juu ya mkeka, chini ya feni, nimebaki na fulana na chupi, na ukoo mzima umeniinamia. Shangazi, ambaye ni muuguzi, alikuwa anaisoma ile pakiti.

"Hapa wamesema ni la kumpasha joto mtu aliyeshikwa na baridi kali," akasema. "Larudisha joto la mwili mle mle mwilini. Wewe ulikuwa na baridi?"

"La, shangazi."

"Basi umejipika mwenyewe."

Mbele ya wakwe, jamani! Mbeyu alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa leso, sikujua analia au anacheka. Baba mdogo ameshachukua kofia yake, anaomba radhi ili tuondoke. Mzee Kahindi akainuka, akaingia chumbani, na mimi nikajua basi, nimemkosa, na machozi yakanitoka wazi.

Akarudi na kikoi. Akanirushia huku ametazama ukutani.

"Jifunge. Na hukunijibu. Wamtaka?"

"Namtaka, baba."

Mzee akamtazama mamake, Hawe Sidi, naye akapiga makofi.

"Mpeni, jamani! Tushamuona hata chupi, sasa twamrudisha kwao vipi?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na mzee naye, akiwa bado ametazama ukutani, mabega yakamtikisika.

Nikapewa mke. Lakini haki ya Mungu, toka siku hiyo hata dawa ya mswaki sinunui kabla sijasoma maandishi yote mpaka chini, na ukweni nakwenda na shati.