Samaki wa Baba na Mafuta ya Karafuu

Baba alichinja ng'ombe karibu maisha yake yote ya kazi, kisha akastaafu Kitengela na kushindwa na samaki asiyezidi kidole gumba.

Samaki huyo tulimpata kwa kuchelewa. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili dadangu alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la maua huko Isinya, na meneja wao alipohama aligawa vitu vya nyumba. Wenye mbio walibeba makochi na mapazia. Dadangu alipofika, palibaki samaki mmoja wa rangi ya machungwa ndani ya bakuli kubwa la kioo, na kwa kuwa sisi Wakamba wa kwetu haturudi mikono mitupu penye vitu vya bure, akampakata hadi nyumbani. Nilitarajia Baba aulize anapikwaje. Badala yake alivuta kigoda, akamtazama mpaka chai ikapoa, akasema, "Huyu hana kelele. Tutaelewana."

Wakaelewana kupita kiasi. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hivyo mwenye punda alipoleta maji matamu, samaki ndiye aliyetengewa kwanza, kisha chai, kisha sisi. Jirani yetu, nyanya wa Kimaasai aliyetuletea maziwa kila asubuhi, alikuwa anasimama mlangoni kwa tahadhari. Kwake samaki ni nyoka wa majini.

"Supa, mzee. Hiyo kitu yako bado iko?"

"Ipa. Iko," Baba aliitikia salamu yake ya Kimaasai kwa majivuno, utadhani ameulizwa habari za fahali wake.

Mwaka wa tatu samaki akaugua. Tumbo lilivimba, magamba yakasimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, akawa anaelea kiubavu huku akihema. Alipoacha kula, Baba alisema jambo ambalo sote tulikuwa tunalikwepa: huyu haponi, na si haki kumwacha ateseke. Lakini hatakufa kwa hofu. Hiyo ilikuwa sheria yake tangu machinjioni: mnyama asione kisu, asisikie kelele, asikimbizwe. Hata kuku wa Krismasi kwetu hakukimbizwa. Alibembelezwa kwa mahindi mpaka akajileta mwenyewe. Sasa samaki utambembelezaje? Ukimgusa tu, tayari ameshtuka.

Ushauri haukukosekana. Kaka yangu, aliyekuwa amenunua friji na kutafuta kila kisingizio cha kuitaja, alisema tumgandishe. Baba akamwuliza kama amewahi kufungiwa kwenye chumba cha barafu cha nyama. Baba mwenyewe aliwahi, kwa bahati mbaya, na tangu siku hiyo hakupenda hata soda baridi. Dadangu akanong'ona kitu kuhusu choo.

"Choo cha shimo?" Baba alifoka. "Hata adui yangu siwezi peleka huko."

Tukamwita daktari wa mifugo, aliyekuwa amekuja kutibu ng'ombe wa jirani. Alichungulia bakuli, akatazama sindano yake, akacheka hadi akashika ukuta. "Mzee, dawa niko nayo. Lakini hii sindano ni kubwa kushinda mgonjwa."

Mimi nilicheka pia, mpaka nikamwona Baba akijipangusa macho kwa mgongo wa mkono. Mzaha wote ukaniisha. Baba yangu alikuwa anaumia, na sisi tulikuwa tunafanya sinema.

Nikaenda saiba, mahali tulipokuwa tunakodi kompyuta kwa dakika, nikaandika swali langu kwa kidole kimoja. Mama mwenye saiba alikuwa anasoma kupitia bega langu, kama kawaida yake.

"Sista, unataka kuua nani?"

"Samaki."

"Si umtoe tu kwa maji?"

"Ni mgonjwa."

Akafikiria kidogo. "Na mkimaliza, mtamkula?"

Nikarudi kwenye kompyuta. Jibu lilikuwa mafuta ya karafuu, yale yale tunayonunua duka la dawa jino likiuma. Unatikisa matone machache ndani ya maji kidogo mpaka yachanganyike, unamimina polepole kwenye bakuli, samaki analala. Akishalala fofofo unaongeza mengine mengi zaidi, naye anaenda bila habari. Kisha unangoja sana hata baada ya mashavu kuacha kupumua, maana huenda amelala tu.

Nilipomweleza Baba, aliuliza jambo moja. "Atalala kwanza?"

"Atalala kwanza."

"Basi."

Asubuhi ya Jumamosi alizima redio, akafukuza kuku uani, akamimina mwenyewe. Nyumba nzima ikanukia pilau, nami nikaona aibu kuhisi njaa. Nyanya wa maziwa akafika, akanusa.

"Leo iko sherehe?"

Nikamwambia mzee anamlaza mgonjwa wake. Nilidhani atacheka. Akaweka chupa ya maziwa chini, akakusanya shuka zake, akaingia na kuketi karibu na bakuli kuliko siku zote.

Samaki alizunguka taratibu, mdomo ukafunguka kivivu, akatulia chini. Baba akaongeza mafuta. Mashavu yakaenda polepole, yakaacha. Tulikaa muda mrefu, mpaka miguu yangu ikafa ganzi, kisha nikainuka kuchukua vikombe.

"Kaa," Baba akasema.

"Ameenda, Baba."

"Kaa tu. Kule kazini laini ya ng'ombe ilikuwa inatembea. Ukimaliza mmoja, mwingine amefika. Sijawahi kaa na hata mmoja mpaka mwisho."

Nikakaa. Baba hakuondoa macho kwenye bakuli.

"Mwaitu," akaniita. Mwaitu kwetu ni mama. Aliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Siku yangu ikifika, msiniharakishe. Lakini mkae."

Nikasema la kwanza lililonijia. "Wewe, Baba, utahitaji ndoo nzima ya karafuu."

Akacheka kwa kifua chote, mara ya kwanza tangu samaki augue. Nyanya akacheka naye bila kujua tunacheka nini. Mimi nililia, kwa sauti, mbele ya jirani, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.