Inzi Weupe wa Mwakiro

Nakumbuka kiangazi kimoja kule Mwakiro, mwaka wa pili tangu turudi kwetu kutoka ukimbizini Tanzania, na hadi leo nikikifikiria damu inanichemka. Mihogo ya kilima kizima, ndiyo kusema kijiji chote, ilishikwa na ugonjwa wa batobato, majani yamejikunja, mizizi myembamba kama kidole. Waenezaji ni inzi weupe, wadogo mno. Jirani yetu Bonifasi akawa anatangaza kila mahali, "Iko hawa bahungutse ndo walileta, na mihogo yao ya Tanzania!" Bahungutse ndio sisi tuliorudi. Kweli, tulirudi na vipando vya mihogo tumevifunga kwenye kanga. Nani anarudi kwao mikono mitupu? Mkuu wa kilima akataka shamba la baba ling'olewe, ila akakubali kungoja majibu ya wataalamu.

Mtaalamu alikuwa mama wa mjini Gitega, Madamu Goreti. Alinipa vichupa ishirini vya spiriti nimkusanyie inzi: kila shamba kichupa chake, nusu kwetu tuliorudi, nusu kwa waliobaki bila kukimbia. Angepima vinasaba vya inzi ajue ni wa ukoo gani na wametokea wapi.

Mwanangu, niliogopa inzi wetu watatuumbua. Nikaingia shambani kwa Bonifasi, nikajaza vichupa vyote humohumo ili inzi wetu waonekane sawa na wake, nikaviandika majina ya mashamba ishirini. Nilirudi nyumbani napiga mluzi, mjinga mimi!

Miezi ikapita. Madamu akatukuta mimi na baba tukipalilia.

"Vichupa vyote, wadudu iko ndugu wa tumbo moja. Haiwezekani. We ulivijaza wapi?"

Baba akanitazama, akajua.

"Mi sikukutuma haki, nilikutuma wadudu!" Madamu akaniambia. "Kule Gishubi, mbali na hapa, nilikusanya mwenyewe. Hakuna aliyerudi kule, na inzi iko wamejaa tu, wanakuja na upepo. Ningewatetea. Alors, sasa niseme nini? Vya Mwakiro nimetupa vyote."

Mkuu wa kilima hakungoja tena. Jumamosi ya kazi za pamoja watu wakaja na majembe, Bonifasi mbele. Baba hakunipiga. Alinipa jembe akasema, "Ng'oa na wewe." Niling'oa mihogo ya baba yangu huku Bonifasi akicheka. Msimu uliofuata inzi walijaa kwake vilevile, lakini nani alitusafisha jina? Baba alikufa akiitwa mleta wadudu.

Sasa nawasikia nyie vijana mkisema uongo mdogo si kitu, mradi mwenye haki ashinde. Acheni upuuzi! Ukitumwa kuchukua kilichopo, chukua kilichopo, hata kama kinakutisha. Bonifasi alisema uongo wake kwa mdomo, nami wangu niliuandika kwa mkono, na ni wangu uliomwangusha baba. Mwenye haki usimsaidie kwa uongo, utamnyang'anya shahidi wake.

Mungu akupe moyo wa kuungoja ukweli usioujua bado, na wazazi wako wazeeke na majina yao safi. Amina.