Nosim Alianza na Salama

Nosim Ngoitiko alikuwa mwepesi wa kichwa kuliko wote tuliosoma ualimu wa hisabati mwaka ule huko Dodoma, na bado somo moja lilikuwa karibu kumfukuzisha chuo. Nasema hivyo mimi Selina, Mwiraqw wa Rhotia, kule Karatu, niliyelala naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Sisi watu wa Karatu hatuna kawaida ya kuwagawia Wamasai sifa za bure.

Somo lenyewe lilikuwa kalkulasi ya juu na uchambuzi wa namba halisi. Humo hutafuti jibu tena. Jibu unapewa mkononi, halafu unaambiwa thibitisha. Mfuatano wa namba unapanda, lakini una mpaka juu yake usioweza kuuvuka. Thibitisha kwamba ipo namba moja unayoisogelea siku zote, ndiyo kikomo chake. Ukiutazama tu unaona ipo. "Kuona si kuthibitisha," alikuwa akisema Dokta Thomasi, mhadhiri wetu, mtu wa maneno machache ambaye sijamsamehe mpaka leo.

Nosim alianguka. Akapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, mwezi wa tisa. Akianguka tena anadisko: anafungasha virago na kurudi kwao Endulen. Na huko Endulen kulikuwa na mtu aliyeitaka shahada ile kuliko Nosim mwenyewe, mama yake, Nanyokie. Mama huyo hakujua kusoma. Wakati wa likizo Nosim alimsimulia masomo huku wakikamua, naye aliitikia "ee" kila baada ya sentensi, kama Wamasai wanavyoitikiana wakipeana habari. Sijui alikuwa anaelewa nini, ila alitaka aambiwe yote.

Karatasi ya mtihani ilirudi imejaa wino mwekundu. Kila mahali Dokta aliandika maneno yaleyale: umeanza na unachotakiwa kuthibitisha. Nikaisoma, nikapandwa na hasira. Mstari wa kwanza wa Nosim ulisema, "Kikomo kipo." Kisha alishuka polepole, na kile tulichopewa kwenye swali kilikuwa chini kabisa.

"Wewe Nosim, umelogwa? Mtu anaanzaje na mwisho?"

"Sijui," alisema. "Nikianza vingine najiona sina adabu."

Nilimwelewa siku mdogo wake Kimaren, mlinzi wa kambi ya watalii pale Karatu, alipopiga simu. Kimasai kilikuwa kimeshaniingia kidogo, nikasikiliza. Mzee salama. Watoto salama. Ng'ombe salama. Nosim akawa anaitikia, ee, ee. Mwisho kabisa ndipo Kimaren aliposema kwamba ndama wamekufa kwa ukame, karibu wote.

"Ndama wamekufa, na amesema ng'ombe salama?" nikamwuliza.

"Salama ndiyo ya kwanza, Selina. Habari mbaya humrushii mtu akiwa amesimama. Unampa salama akae kwanza."

"Basi ndivyo unavyoandika hesabu zako! Unampa Dokta salama!"

Alicheka, halafu akaacha kucheka.

Likizo ile nilikuwa na kibarua mjini, kwa hiyo tulibaki wote. Kila aliposhika kalamu nilimfokea, "Umepewa nini? Anza na ulichopewa!" Iliniuma kumfundisha kuacha jambo zuri la kwao, lakini mtihani hauna moyo. Mwezi wa nane ulipoisha alikuwa anathibitisha kuliko mimi niliyefaulu.

Mchana wa siku iliyotangulia mtihani, Kimaren akapiga tena. Mzee salama. Watoto salama. Majani yameonekana upande wa Kakesio. Nosim aliitikia vizuri mwanzoni. Lakini salama zikazidi kuja, za majirani, za mbuzi, hata za mbwa, na "ee" yake ikawa inapungua sauti.

"Kimaren," alisema, "anza na ulichopewa."

Ndipo yule kijana akasema kwamba mama hayupo tena. Kifua kilimbana, wakamkimbiza hospitali ya misheni, na asubuhi ile walikuwa wameshamzika.

Nilitaka kukimbilia kwa Dokta kuomba mtihani usogezwe. Nosim akanishika mkono. "Ameshazikwa," alisema. "Sina ninachowahi." Kesho yake aliingia kwenye mtihani. Alipotoka akapanda basi la Arusha. Aliniachia namba yake ya usajili tu, nimwangalizie matokeo, maana bomani kwao mtandao haushiki.

Matokeo yalitoka nikiwa nyumbani Rhotia. Nikapanda gari la unga linalokwenda Endulen, pamoja na Kimaren. Tulipopita geti la hifadhi la Lodoare akaniambia, "Dada, ukifika usimtaje mama kwa jina. Kwetu aliyekwenda hatajwi."

Tuliwakuta wote wamenyoa vichwa, Nosim pia. Baba yake, Mzee Ngoitiko, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya marehemu. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini. Mimi ni mtu wa kutupa habari nikiwa mlangoni, kila anayenijua atakwambia. Lakini nilipouona uso wa yule mzee nilishindwa.

"Salama, baba," nikaanza. "Rhotia salama."

"Ee."

"Wazazi wangu wanawasalimu. Mahindi yamevunwa."

"Ee."

"Njiani tumepita salama, japo ukungu ulikuwa mwingi pale ukingoni mwa kreta."

"Ee."

Nosim alikuwa ameikunja ncha ya shuka lake kiganjani, akaikaza. Alijua salama nyingi hubeba nini. Nilimhurumia sana, lakini mzee alikuwa akizipokea zile salama moja moja, na sikuweza kumkatia.

"Na Nosim amefaulu," nikasema. "Anaendelea na chuo."

Safari hii mzee hakuitikia. Aligeuka taratibu kwenye kigoda, akautazama mlango wa ile nyumba. Mkewe alipokuwa hai, mzee alimwita mama Nosim, kama wazee wote wafanyavyo.

"Nanyokie," alisema. "Mtoto wako amefaulu."

Kimaren aliinamisha kichwa. Watu waliokuwa karibu waliacha walichokuwa wakifanya. Mzee alibaki akiutazama mlango, akisubiri kama mtu aliyetoa habari na bado hajaitikiwa.

Kisha Nosim, kwa sauti ndogo, akaitikia.

"Ee."