Irmtraud Pagel Aenda Wilayani kwa Trekta

Jirani yangu Irmtraud Pagel alilima viazi kwenye udongo wetu wa kichanga kwa miaka arobaini, na hakuwa mtu wa kulalamika. Kisha wilaya yetu, kwa kuwa watu walikuwa wamepungua, ikaunganishwa na nyingine mbili. Ofisi zikahamishiwa mji ulio kilomita sabini kutoka hapa, na basi letu la asubuhi likafutwa.

Irmtraud alipoitwa kwenda kusaini karatasi za shamba, hakuwa na gari. Akawasha trekta. Kwa saa tatu alishika barabara kuu, magari yakimpigia honi nyuma, naye hakuyapisha. Akaiegesha mbele ya mlango wa ofisi za wilaya, siku ya kikao cha baraza.

"Mama Pagel, si ungepiga simu tu?" mkuu wa wilaya akamwuliza huku akicheka.

"Nilipiga. Mkasema lazima nije mwenyewe. Haya, nimekuja."

"Lakini umefunga barabara nzima!"

"Nyie mmefunga wilaya nzima, Bwana mkuu. Nani kazidi?"

Alikwenda hivyo mara nne, kila baraza lilipokutana, na mara ya mwisho trekta zilikuwa kumi na moja, yangu ikiwamo. Mwezi uliofuata wakaanza kutuletea kijijini gari lililogeuzwa ofisi, Jumatano mbili kwa mwezi. Mkuu akategemea kushukuriwa.

"Nimshukuru kwa lipi?" Irmtraud akasema. "Katurudishia kipande cha kilicho chetu. Bado kingine."

Na ili asikingoje bure, akagombea kiti barazani, akakipata.