Jenereta Iliyoliza Mtaa

Calvince, fundi wa nguo pale Migosi, alipenda sana kuonekana. Stima zilipozidi kupotea, akaenda dukani kwa Bwana Kuldip kutafuta jenereta.

"Chukua hii," Kuldip akamshauri. "Haina kelele, hata mtoto mchanga haamki."

"Sasa majirani watajuaje nina stima?" Calvince akang'aka, akachagua ile iliyonguruma kuliko zote.

Jioni hiyohiyo stima ikapotea. Calvince akaiwasha uani, akatundika taa kubwa nje, kisha akaketi sebuleni kungojea sifa. Akasikia vilio. Huku kwetu, jenereta ikinguruma nyumbani, taa ikiwaka nje na mwenyewe haonekani, hakuna anayeuliza: hapo pana matanga. Jirani yake, Mama Achola, alitangulia, mikono kichwani, watu wakimfuata na viti.

"Uwi! Calvince wetu! Fundi hodari! Mtu wa watu!"

Calvince akajibanza nyuma ya pazia, akafumba macho, akazionja sifa zake moja moja. Ndipo pazia likaanguka.

Machozi ya Mama Achola yakakauka papo hapo.

"Kumbe uko hai? Basi lete rinda langu la Pasaka, sasa ni Oktoba!"