Ukuta wa Upande wa Barabarani

Mwezi uliopita nilirudi Matwebe, kijiji cha chai karibu na Tukuyu, kutafuta ukuta. Najicheka nikisema hivyo, lakini mimi ni mchoraji, na ukuta ule wa mianzi na udongo ndio ulionifundisha kazi. Nilikuta nyumba ya tofali za kuchoma na migomba nyuma yake.

Wazazi wangu walitoka Makete kuja kuchuma chai. Tuliishi kambini, kwenye nyumba za mstari, na moshi wa kuni mbichi na mvua isiyojua kuchoka. Ng'ambo ya kijito aliishi bibi mmoja wa Kinyakyusa. Hakuwa bibi yangu, ila nani angethubutu kuniambia? Nilikula ndizi zake za maharage mpaka mama akaona aibu.

Mvua zikikatika, wanawake wa pale walikandika upya kuta zao na kuzipamba. Bibi alinituma kijitoni kuchota udongo mweupe, akasaga masizi tupate rangi nyeusi, kisha akaniachia upande wa barabarani. Nilichora kwa kidole: ndege, majani ya mgomba, mistari ya kupanda na kushuka. "Ndaga fijo, mwanangu," alinishukuru, mikono imejaa tope. "Wewe ni wa hapa hapa." Nilimwamini. Mtoto angeamini nini kingine?

Kisha ikaja ile miaka ya soko huria. Shamba likauzwa, na mwenye shamba mpya akafunga kambi. Baba akaomba kijiji kimpe kipande cha kujenga kando ya kijito. Mkutanoni mwenyekiti akauliza kama yupo mwenyeji wa kutusemea. Mmoja tu alitosha. Sote tulimgeukia bibi. Mwanawe alikuwa amekaa ubavuni pake, na sote tulijua kwamba naye alikitaka kipande hicho hicho apande chai yake.

"Hao ni wa kuja," bibi alisema, akitazama miguu yake. "Kwao kupo."

Asubuhi tuliyoondoka mvua ilikuwa ikinyesha. Nilimwona akikandika upande wa barabarani, akiwafuta ndege wangu kwa kiganja. Hakuna anayekandika masika. Udongo haukauki, unaporomoka. Alijua hilo kuliko sisi wote. Hakugeuka. Sijamsamehe, na tafadhali usiniambie ni mambo ya zamani.

Makete nako walituita watu wa Tukuyu. Ndiyo maana nyumba ninazochora hazina milango. Wanunuzi wangu hudhani ni mtindo.

Siku hizi kule hakuna anayepamba ukuta kwa udongo, na mabibi waliojua kuchagua udongo mzuri wamekwenda. Ninapoonyesha kazi zangu Dar es Salaam, mshereheshaji hunitambulisha kuwa binti wa Rungwe, mwenyeji wa Tukuyu. Watu hupiga makofi. Nami hutabasamu. Siku ile ya mkutano tulimhitaji mtu mmoja tu aseme hivyo.