Neno Lililomrudisha Mshenga

Msikilizaji wangu, nakuita hivyo ingawa safari hii unanisoma, kwa sababu kwa miaka mingi sikuwa na jina jingine la kumwita mtu nisiyemwona. Sogea kidogo. Kama kuna muziki unapigwa hapo ulipo, usiuzime. Punguza tu, tusikilizane.

Kazi niliianzia Tunduma, siku hizo bado tukiwa mkoa wa Mbeya, wakati bidhaa za nje zilipoanza kuruhusiwa na kila mtu mpakani akawa anauza kitu fulani. Sisi tuliuza kanda. Siku ya kwanza nilifika asubuhi nimevaa viatu vya dada yangu, vikubwa, nikijitahidi visipige kelele. Mwenye Duka hakunionyesha kiti. Alinipa pamba na kichupa cha spiriti, akanielekeza kwenye kichwa cha deki, yaani kile kijichuma kinachogusana na utepe na kusoma sauti iliyomo. Alisema kikichafuka, mwimbaji anasikika kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Nilisafisha deki nne kabla ya kuambiwa nikae.

Kazi yenyewe iliitwa kurudufu. Unaweka kanda mama, ile yenye nyimbo, kwenye deki ya kwanza, na kanda tupu kwenye ya pili, kisha unabonyeza zote kwa pamoja. Kanda ikijaa, unavunja vimeno viwili vidogo vya mgongoni ili mtu asije akarekodi mahubiri juu ya muziki wake kwa bahati mbaya. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, mimi ndiye niliyeandika majina ya nyimbo kwenye kava.

Siku hiyohiyo mama mmoja aliyeleta mpunga kutoka Msangano alisimama dukani, akasikiliza wimbo wa Kikongo hadi mwisho, kisha akaniuliza yule mwanamume analilia nini. Sikujua. Nikamwuliza Mwenye Duka, naye akanijibu bila kuinua macho.

"Binti, hapa Tunduma watu wanasikiliza kwa miguu. Maneno ni ya kanisani."

Yule mama alinunua kanda akaondoka, lakini nilimwona akigeuka mara mbili kuangalia spika, kama mtu aliyeitwa na asijue nani amemwita. Sikutulia. Tangu hapo kila dereva aliyejua Kilingala nilimshika kwa maswali. Kwa Kibemba nilipata mwalimu wa kudumu, BanaChanda, mama wa Nakonde, upande wa Zambia, aliyevuka kila siku na samaki wakavu na vitenge. Aliongea Kiswahili cha mpakani, cha haraka, na alinicheka kila nilipokosea.

Miaka ile mpakani ilinifundisha jambo moja, nalo nakupa mapema. Wengi husema hawajali maneno ya wimbo. Lakini mwangalie mtu huyohuyo akiimba wimbo wa lugha asiyoijua. Hanyamazi kwenye maneno, anatia ya kwake. Watoto wa mtaani kwetu waliimba nyimbo za Kikongo zenye maharage, majina ya walimu, na matusi madogo, na waliapa kwamba ndivyo mwimbaji alivyosema. Mtu asipopewa maneno hutunga. Akishatunga, anayaamini.

Kanda zilipoanza kupoteza wateja, nilihamia kwa Bosi wa Mitambo, aliyekodisha spika kubwa kwa sherehe za Vwawa, Igamba na vijiji vya Mbozi. Kazi yangu ilikuwa kupanga nyimbo. Alikuwa mtu wa amri mbili: usikate wimbo wa bibi harusi, na usipige wimbo wa msiba hata kama una ngoma nzuri. Nilimwuliza ataujuaje wa msiba kama hajui lugha. Akasema, "Ndiyo maana nimekuajiri wewe." Nilimpenda kwa hilo, ingawa nilikaa kwake miaka michache tu. Mgongo wangu haukupatana na spika.

Ndipo nikaingia redioni. Kilikuwa kituo kidogo, na nilianza kama mtunza maktaba ya nyimbo, kisha nikapewa kipindi cha salamu cha Jumapili alasiri. Kijana wa leo huenda hajawahi kuiona kadi ya salamu. Ilikuwa karatasi ngumu yenye mistari. Unaandika jina lako, majina ya unaowasalimu, ujumbe wako, na wimbo unaouomba. Mtangazaji anaisoma, kisha anapiga wimbo. Mkuu wa Vipindi, kijana mwenye suruali zilizonyooka kila siku, alitukataza kuongeza neno letu. Alisema tusome na tupige, basi. Tusihubiri.

Kati ya kadi za wiki moja ilikuwamo ya Festo, dereva wa lori la mizigo, Mnamwanga wa Tunduma, aliyezoea njia ya Kitwe na Ndola. Salamu zilikwenda kwa Atupele, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Isongole huko Ileje. Barua ya uchumba ilikuwa imekwishapokelewa kwao, na wiki ileile mshenga alitarajiwa kwenda kusikia jibu. Festo aliomba wimbo wa Kibemba uliokuwa ukipendwa sana upande wa pili. Kwenye mstari wa ujumbe aliandika: Ujumbe wangu umo ndani ya wimbo.

Nilisoma kadi kama ilivyo, nikapiga wimbo. Kiitikio chake kilikuwa neno moja linalorudiwa na kurudiwa: *nalikutemwa, nalikutemwa*. Mimi nililijua tangu dukani. Maana yake ni nakupenda. Nilitabasamu hata, peke yangu studio.

Jumatano Festo alinijia kituoni akiwa na vumbi la safari usoni.

"Dada Tusekile, Jumapili ulinipigia wimbo gani?"

"Ule ulioandika."

"Mbona basi wamenirudishia mjomba?"

Mjomba wake ndiye aliyekuwa mshenga. Alifika Isongole Jumanne, hakukaribishwa kuketi, na baba yake Atupele, Mzee wa Kanisa, alimwambia maneno machache tu: amwambie aliyemtuma kwamba walimsikia redioni. Barua ya uchumba ingerudishwa Jumamosi, mbele ya wazee. Festo alidhani ni ukabila. Alisema watu wa milimani wanawaona wa mpakani kama watu wasio na kwao.

Alipoondoka nilibaki na kadi mkononi, nikiisoma kama polisi. Mimi mwenyewe ni wa Ileje, na baba yangu alitusomea Biblia kwa sauti kila asubuhi. Nilipolitamka lile neno polepole, kwa sauti ya baba, likanishtua. Katika Kiswahili cha Biblia, *nalikuja* maana yake nilikuja. *Naliona* maana yake niliona. Na kutema kila mtu anakujua: mate hutemwa, timu humtema mchezaji, mvulana humtema msichana. Nyumba nzima ya walokole wa Isongole ilikuwa imeketi barazani baada ya ibada, na wageni wao, ikasikia mwanamume akimwambia binti yao mara nyingi, kwa ngoma, kwamba alimtema. Ile "mwa" ya mwishoni waliichukulia kuwa ulimi wa Kizambia tu. Na ujumbe wake, mtangazaji alikuwa amewaambia, umo ndani ya wimbo.

Kosa lilikuwa langu. Nilijua maana, na kwa sababu niliijua, sikuwaza hata kidogo neno lile lingesikikaje kwa asiyeijua.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Vipindi kuomba dakika mbili hewani. Alikataa. "Leo utatafsiri moja, kesho utatafsiri zote. Watu hawasikilizi maneno, dada. Wanasikiliza mdundo."

"Wangekuwa wanasikiliza mdundo," nikamwambia, "mjomba wa watu angekaribishwa chai."

Alicheka bila kutaka. Kipaza sauti hakunipa, lakini alinipa ruhusa ya Ijumaa. "Nenda kama Tusekile," alisema. "Usiende kama redio."

Nilimwomba BanaChanda anisindikize. Aliacha samaki wake kwa jirani, akajifunga kitenge kipya, nasi tukapanda pikapu ya mizigo kutoka Mpemba, njiapanda ya Ileje. Njia nzima nilikuwa nikifungua na kufunga redio-kaseti ndogo niliyoibeba mapajani. Aliniambia nitaiharibu kabla haijatoa ushahidi.

Mzee wa Kanisa alitupokea sebuleni kwa heshima, lakini alipoona ile redio-kaseti, uso wake ulikunjamana.

"Mmeuleta tena nyumbani mwangu?"

Nilimweleza polepole, kama ninavyokueleza wewe, kwamba ile si lugha ya Biblia yetu bali Kibemba. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema mtangazaji lazima atetee kazi yake, na kwamba masikio yake bado ni mazima. Mama yake Atupele alikuwa ameketi pembeni, mikono kifuani. Atupele alikuwa amesimama mlangoni, macho yamevimba.

BanaChanda hakumjibu juu ya wimbo. Alimwuliza kama anaruhusiwa kuzungumza juu ya sala.

"Sala haikatazwi," mzee akasema.

"Sisi kwetu, baba, Mungu tunamwita Lesa. Jumapili tunapiga magoti tunamwambia: *Lesa, nalikutemwa*. Mimi nimesema hivyo tangu mtoto, na mama yangu amekufa na neno hilo mdomoni." Akakaza kitenge chake. "Sasa baba, wewe mzee wa kanisa, niambie. Miaka yote hiyo tulikuwa tunamwambia Mungu tumemtema?"

Aliyemjibu ni mama yake Atupele. Alianza kucheka kwa mabega, kisha kwa sauti, hadi akajifuta macho kwa khanga. "Siku tano silali," alisema, "kumbe kwa lugha ya watu."

Mzee hakucheka. Aliomba tumpigie wimbo. Akausikiliza wote, kichwa ameinamisha, kisha akamgeukia binti yake na kumwuliza yeye alikuwa ameusikiaje. Atupele alijibu kwa sauti ndogo. Alisema wimbo ule alikuwa akiusikia sokoni miezi mingi, akiuimba hata akisahihisha madaftari, na hakuwahi kujiuliza unasema nini.

"Nilikuwa naupenda kabla sijaanza kuusikiliza, baba. Jumapili ndiyo mara ya kwanza niliusikiliza, kwa sababu ulikuwa wangu."

Neno hilo nimeishi nalo. Kama ukiniuliza maneno ya wimbo yana uzito gani, siwezi kukupimia kwa mizani. Yanaweza kulala miaka, hayana uzito wowote, watu wanayakanyaga kwa kucheza. Siku wimbo unapotumwa kwako, kwa jina lako, kila silabi inaamka.

Nilidhani tumemaliza. Mzee akasema bado. "Neno nimelielewa. Ila sijamwelewa aliyelituma. Mtu anayemtaka binti yangu atume neno ambalo mama yake analisikia. Mwambieni aje na mdomo wake."

Festo alifika Jumamosi, mapema kuliko wazee. Njiani alikuwa amemmiminia maswali kila Mndali aliyekutana naye, na alikuwa amekariri sentensi moja ya Kindali, lugha ya kwao Atupele. Niliambiwa baadaye na mjomba wake jinsi ilivyokuwa. Alisimama katikati ya sebule akaitamka, na akaikosea. Kabla ya mtu kucheka, Atupele akamsahihisha mbele ya baba yake, kwa sauti ileile anayowasahihishia watoto wa darasa la kwanza. Festo akarudia. Mara ya tatu ikakaa. Mzee aliirudisha barua kwenye Biblia yake alikokuwa ameihifadhi, akamwambia mjomba aketi.

Tangu Jumapili iliyofuata, kila wimbo wa lugha ya mbali niliutangulizia sentensi moja: huyu anamwomba mama yake radhi, huyu anasifu mji wake. Mkuu wa Vipindi alijifanya hasikii kwa muda mrefu. Baadaye akaliandika jambo hilo kuwa agizo kwa watangazaji wote, kana kwamba alilizaa yeye. Sikumwambia kitu. Kazi ikiendelea, haidhuru nani kaisaini.

Sasa nimestaafu, na ningekudanganya nikisema nimepumzika. Naamka, nazunguka uani, nakaa, nainuka tena. Nyumba ya Isongole niliifikia kwa sababu Festo alikuja kulalamika. Lakini nilipiga nyimbo Jumapili baada ya Jumapili, na si kila aliyeumia ana lori la kumfikisha kituoni. Kuna kadi nazikumbuka hadi leo: mke aliyemtumia mume wimbo wa Kikongo ambao sikuwa na mtu wa kunieleza, kijana aliyemtumia rafiki aliyegombana naye. Niliwasomea, nikapiga, nikaendelea na kadi inayofuata. Walisikia nini, sijui. Sitajua.

Wewe una bahati kuliko mimi. Huna kadi, una simu, na unayemtumia unamjua sura. Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kumtumia mtu wimbo wa lugha isiyo yake, usikilize mara moja ukiwa umekaa. Andika neno linalorudiwa jinsi sikio lako linavyolisikia. Mpelekee mwenye lugha hiyo, mwulize maana yake. Kisha utume wimbo, na chini yake uandike maana hiyo kwa lugha ambayo mama yake huyo mtu anaielewa.